Waya Wenye Ncha Moja Nyeupe

Ikram alizaliwa na ugonjwa ambao hospitali zote za Mugumu hazina dawa yake: akiona kitu kimefungwa, mikono inamwasha mpaka akifungue. Alikuwa binti mdogo, bado anang'oka meno ya utoto, alipoifumua cherehani ya baba yake, Sadick fundi nguo, akaipanga sakafuni kipande kimoja kimoja ili ajue uzi wa chini unakamatana vipi na uzi wa juu. Alichapwa. Majeraha yalipopona akafungua redio.

Basi kilima cha Gesarara kilipotoa dhahabu, upande ule wa Ringwani, na watu wakamiminika kutoka Geita, Kahama, Singida na hata ng'ambo ya Sirari, Ikram naye akaenda, lakini si kuchimba. Alipakia kompyuta, printa na mashine ya fotokopi kwenye basi dogo, akajenga banda la bati kati ya karasha za kusagia mawe na mgahawa wa mama mmoja aitwaye Petronila. Penye wachimbaji wengi hapakosekani mikataba ya kuchapa, vitambulisho vya kutoa nakala na simu za kuchaji. Kazi ilikuwepo. Na mambo ya kushangaa yalikuwepo tele, jambo ambalo kwa Ikram lilikuwa sawa na chakula.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mpakato uliokula chumvi. Mwanzoni ilikuwa na Windows kama za watu wengine, lakini flashi za wachimbaji zilikuja na virusi wa kila kabila mpaka ikawa inachukua asubuhi nzima kuwaka. Kaka yake, Muzamil, anayeuza vifaa vya umeme vilivyotumika pale Tarime mjini, akaifuta yote na kuiwekea Linux. "Ya bure," alimwambia, "na virusi hawaijui njia yake." Watu walimcheka Ikram kwa kutumia kitu cha bure, lakini yeye aliipenda mashine ile kuliko mwanzo. Ya kwanza ilikuwa ikikwama inakununia tu. Hii ukiiuliza vizuri, kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, inakufungulia tumbo lake lote uone.

Balaa lilikuja siku mteja alipoteleza na mfuko wa saruji begani. Mfuko ukatua juu ya mpakato, kioo kikapasuka. Kikabaki na uhai upande wa kushoto tu, ukanda mwembamba wa upana wa kiganja, kwingine kote weusi na michirizi ya rangi. Ikram akaunganisha monita ya zamani, maisha yakaendelea. Halafu jenereta la jirani likakohoa vibaya, na monita nayo ikatoa moshi. Ndipo Muzamil akamtumia nyingine kutoka Tarime kwa basi, monita pana, nzuri, pamoja na waya mpya wa HDMI. Boksi lilifika Ijumaa mchana wakati Ikram yuko kwenye swala, konda akaliacha kwa Petronila. Ikram alilichukua kesho yake asubuhi.

Na Jumamosi hiyo ndiyo kulikuwa na kikao.

Kikao kilikuwa cha Petronila, na hapo inabidi tusimame kidogo. Petronila alikuwa mjane wa Machage, Mkurya wa Susuni, mmoja wa watu watatu wa kwanza kufungua duara kwenye kilima kile. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la dhahabu pamoja na watu wake na hisa zao. Machage alipofariki kwa homa ya mapafu, hisa yake ikawa ya mkewe. Lakini kwa desturi ya wachimbaji wa pale, mwanamke hakanyagi mdomo wa duara, sembuse kushuka. Petronila aliwapikia watu wa duara lile tangu siku ya kwanza, aliosha mawe yao, alilichenjua vumbi lao kwenye karai kwa zebaki, ile fedha ya maji inayoimeza dhahabu, ila shimo lenyewe alilijua kwa kusikia. Na sasa alikuwa anasikia kwamba mkanda umekwisha. Mkanda ni ule mstari wa mwamba wenye dhahabu unaofuatwa chini kwa chini. Msimamizi wa duara, mzee Nyangwine, alimwambia waziwazi: mkanda umekatika, shimo limekufa, wengine wanatoka, na wewe toa hisa yako urudi Susuni ukalime.

Petronila hakukataa wala hakukubali. Alisema neno moja ambalo lilizunguka kilima kizima: "Siwezi kuzika kitu ambacho sijakiona."

Kwa kuwa yeye hawezi kushuka, akaomba simu ishuke. Maige, kijana wa Kisukuma kutoka Geita aliyekuwa akichimba kule chini kabisa, akashuka na simu yake, akapiga video kuanzia mdomoni mpaka mwisho wa shimo. Alipopanda alimkabidhi Petronila simu, macho yake yakiwa chini.

"Mimi sitasema kitu, mama," alisema. "Kuna mambo ya shimoni mdomo hauruhusiwi. Simu haina mdomo."

Watu wakadhani anamwogopa Nyangwine.

Waliitazama ile video kwenye simu, vichwa vikigongana. Simu ilikuwa ndogo na kioo kimejaa mikwaruzo. Nyangwine alisema anaona jiwe tupu. Mniko, mwenye hisa wa tatu, akasema anaona kitu kama mkanda. Petronila, ambaye macho yake yalishaharibiwa na moshi wa kuni, hakuona chochote isipokuwa giza linalotikisika. Ndipo ikaamuliwa itazamwe kwa Ikram, kwenye monita mpya, wote wakiwa pamoja, na papo hapo Petronila aseme anatoka au anabaki.

Kwa hiyo mtu aelewe Ikram alivyojisikia alipochomeka waya, akawasha, na monita ikamwandikia kwa Kiingereza kwamba haipati ishara yoyote, kisha ikazimika.

Wenye kikao walikuwa wameshaketi kwenye mabenchi ya Petronila yaliyoletwa kwa ajili hiyo. Nyangwine mbele, fimbo katikati ya magoti. Mniko pembeni akitafuna muwa. Maige amesimama mlangoni. Petronila alikaa karibu kabisa na meza, kitenge kipya, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kupokea majibu ya hospitali.

"Shikamooni wazee. Dakika moja tu," alisema Ikram.

"Marahaba, binti. Washa hiyo kitu," alisema Nyangwine.

Alianza na yale ya kila mtu. Akachomoa, akachomeka. Akazima, akawasha. Akabonyeza kitufe cha monita cha kuchagua tundu, maana monita nyingine zinasikiliza mlango wa mbele wakati mgeni anabisha wa nyuma. Ilikuwa inasikiliza tundu sahihi. Akabonyeza vitufe vya kibodi vya kuhamisha picha. Kimya. Monita ikaandika yale yale, ikalala.

"Ungeweka Windows kama watu," alisema Mniko, bila kuacha muwa wake. "Hayo mambo ya bure ndiyo hayo."

 Hasira ilimpanda Ikram kidogo, lakini mikono ilishaanza kumwasha, na mikono ikimwasha huwa hasikii matusi. Aliinamisha kichwa kwenye ule ukanda wa kioo uliobaki hai, akafungua dirisha jeusi, akalisogeza lote kushoto ili maandishi yatokee kwenye kile kiganja kimoja cha mwanga. Akaiuliza mashine: unaona vioo gani?

Mashine ikajibu mara moja, haina maringo. Kioo chako mwenyewe, kipo. Tundu la HDMI, halijaunganishwa na kitu.

"Muongo," alisema Ikram kwa sauti.

"Nani?" aliuliza Petronila.

"Mashine, mama. Inasema sijachomeka waya. Na waya huu hapa."

Petronila akanyoosha shingo kutazama waya. Wote wakautazama. Ulikuwa umechomekwa kweli, mtu yeyote mwenye macho angeapa.

Ikram akampigia Muzamil. Mtandao wa Gesarara unapatikana ukisimama juu ya ndoo nyuma ya banda, akasimama juu ya ndoo.

"Monita ni nzima," Muzamil alisema, kelele za pikipiki za Tarime zikimfunika. "Waya ni mpya. Nimevijaribu mwenyewe hapa dukani, wallahi, vyote viwili, kabla ya kufunga boksi. Tatizo liko kwenye Linux yako. Umeifanyia masasisho juzi?"

Alikuwa ameifanyia. Usiku mmoja mtandao ulikuwa mzuri akaiachia ijipakulie yote inayotaka. Hapo akapata mshukiwa, akashuka kwenye ndoo na matumaini mapya. Aliizima kompyuta, akaiwasha kwa kutumia mfumo wa zamani kabla ya masasisho, maana Linux huwa haitupi nguo kuukuu, inaziweka kando ukitaka kurudi. Ikawaka. Akauliza tena. Halijaunganishwa na kitu.

Akajaribu kuilazimisha. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo, na ukweli ni kwamba hata kama kusingekuwa na kikao angejaribu ili aone tu kitatokea nini. Aliiandikia mashine amri kwamba, tuachane na unachoona au usichoona, wewe chukulia kuna monita upande wa kulia, na uitumie picha. Mashine ikatii. Dirisha jeusi likapotea. Kishale cha kipanya kikateleza kulia, kikavuka ukingo, kikatoweka.

"Kimeenda wapi?" aliuliza Petronila, amesimama.

"Kimeingia kwenye monita, mama. Ile ambayo mashine inafikiri ipo."

"Lakini monita ni nyeusi."

"Ndiyo. Kipo humo gizani kinatembea. Hatukioni tu."

"Kimeingia duara la jirani hicho," alisema Maige kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka, hata Nyangwine. Wachimbaji wanajua jambo hilo: unafuata mkanda wako kwa amani, ghafla uko chini ya shimo la mtu mwingine na mapanga yanasubiri juu.

Ikram naye alicheka, ingawa jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Akasukuma kipanya kushoto, akasukuma, mpaka kishale kikarudi. Lile dirisha alilivuta kwa vitufe vya kibodi akiwa haoni, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Akaifuta amri yake. Alikuwa amejifunza jambo moja: mashine ina uwezo wa kutuma picha. Inatuma. Picha inapotelea njiani.

Alitakiwa aelewe pale pale. Baadaye alijilaumu sana. Lakini kichwa chake kilishashikwa na maneno ya Muzamil kwamba waya ni mpya, na mtu akishaambiwa kitu ni kipya hakitazami tena. Aliendelea kuipekua Linux ya watu, akisoma kurasa za maonyo ya mashine kupitia ule upenyo mwembamba, mstari baada ya mstari, na kwa aibu yake alikuwa anafurahia. Humo ndani kulikuwa na kila kitu: saa ambayo kibodi iliamka, joto la moyo wa mashine, betri ilivyolalamika kuzeeka. Kuhusu monita hapakuwa na kosa lolote. Mashine haikuwa inaugua. Ilikuwa inasema tu, kwa upole ule ule, hakuna kilichochomekwa.

Nyangwine akagonga fimbo sakafuni.

"Binti, tunakuheshimu. Lakini jua linakwenda na mimi nina ng'ombe. Petronila, dada yangu, mimi sina sababu ya kukudanganya. Machage alikuwa rafiki yangu. Nimekwambia mkanda umekwisha. Unataka nikuapie?"

 Ikram aliinua kichwa akamwona Petronila usoni, na kufurahia kwake kote kukakatika. Mama huyu alikuwa anapungua. Muda mfupi tu ungetosha, angesema "haya basi", si kwa sababu ameona, bali kwa sababu amechoka kuwaweka wanaume kwenye benchi. Angerudi Susuni na kuishi miaka yake yote akijiuliza kama alidhulumiwa. Ikram alijua kujiuliza kulivyo. Aliona uchungu kama ni wake.

"Mzee Nyangwine, naomba nafasi moja ya mwisho," alisema. "Mashine hii haijawahi kunidanganya hata siku moja. Inasema waya haupo. Hebu niiamini."

Akauchomoa waya kabisa, pande zote mbili, akauweka mezani mbele ya wote. Ndipo akautazama kwa makini kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameushika tangu asubuhi. Ncha moja, ile iliyokuwa kwenye mpakato, ilikuwa ya njano inayong'aa kama pete ya harusi. Ncha ya upande wa monita ilikuwa nyeupe, imepauka kama bati.

Asubuhi alikuwa ameona tofauti hiyo akadhani ni mtindo wa Kichina. Sasa alichukua ile ncha nyeupe, akawasha tochi ya simu, akachungulia mdomoni mwake. Mle ndani panatakiwa kuwa na vijisahani vyembamba vimepangwa safu mbili kama meno. Safu moja ilikuwa sawa. Ya pili ilikuwa imekwaruzwa, meno mawili matatu yamelazwa, na nyuma kabisa kulikuwa na kitu kinachong'aa, kinachotetema. Akaugonga waya taratibu mezani.

Kikadondoka kitone cha fedha. Kikajiviringa mezani, kikagawanyika viwili, vikakimbizana, vikakutana tena vikawa kimoja.

 Angekuwa mtu wa mjini angeuliza ni nini. Pale Gesarara hakuna aliyehitaji kuuliza. Zebaki wanaijua kuliko wanavyojua sukari. Na wote, bila kuambiana, wakageuza vichwa kumtazama mtu ambaye boksi lililala kwake.

Petronila alikuwa ameshika mdomo.

"Mama?" alisema Ikram.

"Mwanangu." Akaushusha mkono. "Konda aliliacha boksi limefunguka pembeni. Nikauona huo waya unang'aa. Nikajiambia, hii si dhahabu hii? Watu husema kwenye kompyuta kuna dhahabu. Nilitaka kujua tu. Nikaitumbukiza ncha moja kwenye karai la zebaki, ile njano ikaliwa yote, nikasema kumbe kweli! Nikaongeza kukwangua ndani kwa sindano." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nikaichoma ile zebaki ivuke dhahabu ibaki, nikatazama. Hakuna kitu. Ilikuwa rangi tu. Nikaurudisha kwenye boksi. Sikujua kama nimeuharibu, haki ya Mungu. Nilikuwa naupima tu."

Mniko aliangua kicheko, muwa ukampalia, Maige ikabidi ampige mgongoni. Nyangwine alitikisa kichwa taratibu. "Mwanamke huyu," alisema, "hata jino langu la bandia linalong'aa alilitazama siku moja nikaogopa kulala."

Ikram alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira akaikosa. Huyu alikuwa mtu aliyeona kitu kinang'aa akashindwa kulala bila kujua ni nini. Angemkaripia kwa mdomo gani, yeye mwenye cherehani ya baba yake? Badala yake alijikuta anacheka mpaka machozi, na Petronila, alipoona anacheka, naye akaanza kucheka huku analia.

"Niletee hiyo sindano yako, mama," alisema Ikram. "Na mswaki wa zamani."

Wakaketi wawili, vichwa vimegusana juu ya ile ncha, mmoja akishika tochi na mwingine sindano. Kitone cha zebaki Petronila alikikusanya kwa karatasi, akakitia kwenye kichupa chake. Ikram akasugua vile vijisahani kwa mswaki na spiriti ya kusafishia printa, kisha akaviinua kimoja kimoja, akishika pumzi. Kimoja kiligoma. Petronila akamwambia, "Kisukume kwanza chini, ndipo kitapanda," na kikapanda.

Akachomeka. Hakuandika amri yoyote. Monita ikawaka yenyewe, pana, angavu, na picha ya tembo wa Serengeti aliyoiweka Ikram zamani ikatokea nzima, masikio yote mawili.

"Eeeh!" walisema watu wa benchi.

Video, aliyokwisha kuihamisha kutoka simu ya Maige, ikaanza.

Kwenye kioo kile kipana shimo lilikuwa shimo kweli. Waliona magogo ya matimba yanayozuia kuta, waliona kamba, maji yakichuruzika, kivuli cha mkono wa Maige. Petronila alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa monita. Alikuwa anashuka. Alikuwa anashuka kwa mara ya kwanza mahali alipopaosha, alipopapikia, alipopachenjua miaka yote, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Tochi ya Maige ilifika mwisho wa shimo, ikasimama ukutani. Mkanda ulionekana wazi, rangi ya kutu, ukija kutoka juu mnene kama paja la mtu, ukakonda ukawa kama mkono, ukawa kama kidole, ukawa uzi. Kisha uzi ukaisha. Chini yake lilikuwa jiwe la kijivu, tupu, gumu.

"Simamisha hapo," alisema Petronila. Ikram akasimamisha. Mama akaufuata ule mstari kwa kidole juu ya kioo mpaka ulipoishia, akarudia tena. Akapumua.

"Umekwisha," alisema. "Kweli umekwisha. Nisamehe, mzee Nyangwine."

"Hakuna la kusamehe, dada yangu. Hata mimi mguu huu haujanishusha humo tangu masika. Niliambiwa tu kama wewe." Nyangwine alikuwa ameegemea fimbo kwa mbele, macho yamemtoka. "Leo ndiyo nimeona."

Ikram akaiachia video iendelee, akidhani imebaki safari ya kupanda. Lakini Maige hakupanda. Tochi iligeuka polepole kulia kwa makusudi, ikaingia kwenye kishubaka kilichochongwa ukutani, mahali pa kuweka taa, ikasimama hapo. Ndani ya kishubaka kulikuwa na kikombe. Kikombe cha bati, cha bluu, kina pengo mdomoni.

Petronila alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

Alikuwa amekitafuta kikombe hicho kwa miezi. Kilikuwa chake, alichotoka nacho kwao siku ya kuolewa. Alimgombeza Scola, binti aliyekuwa akimwoshea vyombo, mpaka yule binti akaacha kazi. Alimuuliza na Machage mwenyewe. Machage alisema, sijakiona.

Nyangwine aliinamisha kichwa. Mniko aliacha kutafuna. Kila mchimbaji wa duara lile alijua kikombe kile kipo pale, maana kila siku walikipita. Na kila mmoja alijua kwamba kitu alichokiacha marehemu shimoni hakiguswi, wala hakitajwi, iwe chini au juu ya ardhi; ndiyo desturi yao, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuivunja. Maige, mlangoni, alikuwa anatazama nje, kama mtu asiyehusika kabisa na alichofanya.

"Alikuwa ananywea maji yake humo," alisema Petronila mwishowe. "Mimi sikuruhusiwa kushuka. Akakishusha kikombe changu." Machozi yalimtoka wazi, hakuyafuta. "Kwa nini asiniambie, mjinga yule? Ningempa na sahani."

Kisha akaiacha monita, akawageukia watu wa benchi.

"Niandikeni nimetoka," alisema. "Kikombe kiacheni huko huko, kipo mahali pake. Ila wewe, Ikram, hiyo picha unaweza kuitoa kwenye karatasi?"

Ikram alisimamisha video pale pale, akainasa picha, akaituma kwenye printa. Printa ikanguruma muda mrefu, maana picha nzima ilikuwa giza, na giza linakula wino. Karatasi ilitoka imelowa, nyeusi tii kutoka pembe hadi pembe, na katikati kikombe cha bluu. Taa nyekundu ya printa ikawaka papo hapo. Wino mweusi wote wa Gesarara ulikuwa umeishia kwenye karatasi ile.

Petronila aliipokea kwa mikono miwili. Akaipuliza ikauke, akasubiri, akaipuliza tena. Halafu akanyoosha kidole kimoja, kile anachopimia dhahabu, akakisugua kwenye bluu ya kikombe, akakiinua kwenye mwanga wa monita, akakitazama vizuri pande zote.

Rangi haikutoka.